Uso wa mtu mweusi kuzama kwenye picha: shida si udogo wa taa, ni mahali ulipoiweka

Kivulini (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila baada ya siku chache kuna mdau anatupia picha ya harusi au ya mahafali humu na kuuliza, "Uso umezama, ninunue taa gani?" Majibu ni yaleyale: ongeza nguvu ya flashi, tafuta flashi kubwa zaidi. Anaongeza, anarudi na picha nyingine ambayo paji la uso na ncha ya pua vimeungua, mashavu bado giza, na ukutani kuna kivuli kikali cha kichwa. Naomba leo tuliongelee hili mpaka lieleweke.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Ngozi nyeusi haidai mwanga mwingi, inadai mwanga mpana, ulio karibu, uliokaa pembeni.

Sababu yake iko kwenye ngozi yenyewe. Mwanga ukifika usoni hugawanyika. Sehemu huingia ndani ya ngozi, husambaa, kisha hutoka umebeba rangi ya ngozi. Sehemu nyingine haiingii kabisa, inadunda juujuu. Kwa mtu mweupe ile inayoingia na kutoka ni nyingi, ndiyo maana hata ukimpiga flashi ya uso kwa uso bado sura inasomeka. Kwa mtu mweusi, melanini inameza kiasi kikubwa cha ule mwanga ulioingia, kwa hiyo kinachochora mfupa wa shavu, taya na ukingo wa pua ni ule unaodunda. Na mwanga unaodunda una tabia moja: hutoka kwa pembe ileile uliyoingilia, na hubeba umbo la ulikotoka. Taa ikiwa ndogo na iko juu ya kamera, utapata kidoa kidogo cheupe kwenye paji na kingine puani. Taa ikiwa pana na iko pembeni, mng'ao unatandaa kuanzia kwenye paji, unashuka shavuni hadi kwenye taya, na uso unapata mwili.

Sasa fanyeni hivi leo usiku, hamhitaji studio. Zima taa zote, washa tochi ya simu, mweke mtu mbele yako. Mmulike kutoka puani kwako, halafu tembeza tochi pole pole kuelekea upande wa sikio lake. Angalia shavu. Kuna mahali utaona mfupa umejitokeza ghafla na upande wa pili wa uso unaanza kuingia kivulini. Hapo ndipo taa inapokaa. Kisha weka karatasi nyeupe mbele ya tochi, umbali wa kiganja, uone kile kidoa kinavyotanuka na kulainika. Nguvu ya tochi hujaigusa.

Hapo kati utapita majina ambayo wapiga picha wanayatumia. Taa ikiwa mbele, juu kidogo, inaacha kivuli kidogo chini ya pua chenye umbo la kipepeo. Hollywood ya miaka ya 1930 ilimpiga picha sana mwigizaji Marlene Dietrich hivyo. Ukiisogeza pembeni mpaka kivuli cha pua kikutane na kivuli cha shavu, shavu la upande wa giza linabakiwa na pembetatu ya mwanga chini ya jicho. Huo unaitwa mwanga wa Rembrandt, yule mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17. Ukiendelea mpaka taa iwe ubavuni kabisa, uso unagawanyika nusu kwa nusu. Kwa watu wetu napendelea ile ya pembetatu, na kuelekea ubavuni kidogo kuliko vitabu vinavyosema, kwa sababu hiyo ya mwanga unaodunda.

Umbali nao. Watu wananunua sofutiboksi (lile boksi la kitambaa cheupe la kulainisha taa) ya sentimita 90 halafu wanaisimamisha mita 3 kutoka kwa mteja. Kwa umbali huo uso unaiona ni kitu kidogo, na kivuli kinarudi kuwa kigumu. Jua lenyewe ni kubwa kupita dunia mara mia na zaidi kwa kipenyo, lakini liko kilomita milioni 150, kwa hiyo machoni petu ni kisarafu kidogo na vivuli vyake vinakata. Kanuni nyepesi: taa ikae umbali unaolingana na upana wake. Sofutiboksi ya sentimita 90, mita 1 kutoka usoni au pungufu, inagusa kingo za fremu. Ikiingia kwenye picha, irudishe kidogo tu.

Nyuzi zangu ndefu, najua. Karibuni.


Dogo wa Pasipoti

Mkuu shikamoo. Nimeweka kambi hapa. Mimi napiga pasipoti na vipande vya shule. Ukuta mweupe, taa mbili za LED, kamera iko kwenye auto. Watu weupe wanatoka poa, mtu mweusi ti anatoka kama kivuli. Nikivuta mwangaza kwenye kompyuta anakuwa wa kijivu. Nifanyeje?


Kivulini (mleta uzi)

Marahaba. Shida yako ni kamera, taa zako wala hazina neno. Kamera haijui inamwangalia mtu. Inachukulia kwamba kila kitu mbele yake, ukikijumlisha, ni kijivu cha wastani. Ikiona ukuta mweupe umejaa fremu inasema "hapa pana mwanga mno", inapunguza, na anayeumia ni mteja. Ndiyo kisa kilekile cha bibi harusi mwenye gauni jeupe kumponza bwana harusi.

Toka kwenye auto. Weka M (unapanga namba mwenyewe), piga mtu mmoja, rekebisha mpaka shavu lake lisomeke, basi. Ukuta hauhami, taa hazihami, na mteja anakaa kiti kilekile, kwa hiyo namba zako zitakaa siku nzima ukigusa kidogo tu kwa kila mtu. Kama hutaki M, tafuta alama ya + na − uongeze stopu moja hadi moja na nusu (stopu moja ni mwanga mara mbili).

Ukitumia kipimo cha doa, kile kinachopima sehemu ndogo tu ya katikati, ujue kinyume chake. Ukikielekeza kwenye shavu la mtu mweusi ti, kamera itataka kulifanya shavu hilo kuwa kijivu cha wastani, na mteja atatoka kama amejichubua. Pima hapo halafu rudisha nyuma kama stopu moja.

Huo ukijivu wa kompyuta unatokana na kuvuta giza ambalo kamera haikurekodi chochote ndani yake. Huwezi kuvuta kisichokuwepo. Toa mwanga sahihi pale pale kitini.


Fundi Lenzi

Mleta uzi umeongea vizuri ila hizi taa ni mbwembwe. Jua lipo, la bure. Subirini saa kumi na mbili kasoro jioni, mpeleke mteja Coco Beach, umemaliza.


Kivulini (mleta uzi)

Fundi, jua la jioni silikatai. Ila sisi tuko karibu na Ikweta na jua letu linashuka karibu wima. Anga linazunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo nyuzi 6 za mwisho, zile zenye rangi ya dhahabu, zinaisha kwa dakika 25 hivi. Wenzetu wa Ulaya kaskazini wakati wa kiangazi jua linashuka kwa mshazari, wana muda mrefu wa kujaribu. Wewe una wanakamati 14, wasimamizi, wazazi wa pande zote mbili, na shangazi anayetaka kurudia kwa sababu alifumba macho. Dakika 25 zinatosha watu wawili.

Na mteja wa saa sita mchana utamwambia nini? Dar mwanzoni mwa Machi, na tena karibu tarehe 10 Oktoba, jua la mchana linapita utosini kabisa. Macho yanakuwa mashimo mawili. Hata miezi mingine ni nafuu kidogo tu.

Dawa ya saa sita ni kibaraza. Msimamishe mtu ndani ya kivuli, hatua moja kutoka ukingoni, atazame nje. Bati au dari ya kibaraza imezuia mwanga wa juu, na mwanga unamjia kutoka mbele: anga, mchanga, ukuta wa jirani. Hapo kibaraza kizima kimekuwa sofutiboksi ambayo hakuna duka linaweza kukuuzia. Ukitaka kivuli upande mmoja, mgeuze awe ubavu kwa nje. Ukitaka kivuli kiongezeke, ning'iniza kitenge cheusi au koti upande wa ndani, nje ya fremu; kinameza mwanga unaorudi na taya linachorwa vizuri. Watu wengi wanajua kurudisha mwanga, wachache wanajua kuuondoa, na kwa uso mpana kuuondoa ndiko kunakofanya kazi.

Mpiga picha Seydou Keïta wa Bamako, Mali, alifungua studio yake 1948, na sehemu kubwa ya picha zake alizipiga uani, kwa mwanga wa mchana, nyuma ameweka kitambaa cha maua. Ziangalieni nyuso zile. Hakuna aliyezama.


Mvita

Mada murua sana, ndugu yangu. Kwetu Mombasa kulikuwa na studio ya Parekh tangu miaka ya 1940, na yeye alikwenda njia nyengine: ndani, taa za umeme, vivuli vizito kama picha za sinema. Unguja nako Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilianza 1930. Wazee wetu waliingia humo wakiwa weusi na wakatoka na sura zao kamili, na filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe. Kisha ikaja filamu ya rangi, ndipo watu wakaanza kutoka kama makaa.

Swali langu: vichochoro vya Mji wa Kale. Kivuli kipo siku nzima, lakini nyuso hutoka na weusi chini ya macho. Kwa nini?


Kivulini (mleta uzi)

Mvita, la filamu ya rangi umeligusa penyewe. Maabara za Kodak zilikuwa zinasawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi za Shirley. Mwanamke huyo akitoka vizuri, mashine imewekwa sawa, wengine mtajijua. Malalamiko yaliyosikilizwa kiwandani yalitoka kwa makampuni ya samani na ya chokoleti, yaliyotaka mbao nyeusi na nyeupe zitofautiane kwenye matangazo yao, chokoleti chungu na ya maziwa vivyo hivyo. Nacheka kila nikikumbuka. Hata simu zimechelewa: Google walileta Real Tone, mfumo wa kuonyesha ngozi nyeusi kwa rangi yake, kwenye simu ya Pixel 6 mwaka 2021.

Kichochoro sasa. Kuta mbili ndefu zimekaribiana, anga limebaki utepe mwembamba juu. Huo utepe ndio taa yako, na uko utosini. Kwa hiyo ni jua la saa sita lililolainishwa tu, macho bado yamo shimoni. Tembea mpaka kichochoro kinapofungukia uwanja au njia panda. Mwache mtu abaki ndani ya kichochoro, hatua mbili tatu kutoka mdomoni, atazame kwenye uwazi. Mwanga utaingia kwa ubapa na utaona nukta nyeupe ndani ya mboni zake. Nukta hiyo ndiyo kipimo changu kokote niendako: isipokuwepo machoni, mtu nimemweka vibaya.

Chungulia pia ukuta wa mbele yake una rangi gani. Ukuta wa chokaa unamrudishia mwanga safi. Ule uliopakwa kijani utampaka kijani chini ya kidevu, na ngozi nyeusi inashika rangi za ukutani haraka, kwa sababu ileile ya kudunda.


mama_studio

Mimi ni mpambaji, nakaa na wapiga picha kila Jumamosi. Naomba mnisikie kidogo jamani.

Mpiga picha akiona uso unang'aa anapiga kelele, "Dada, pauda!" Tunampaka bibi harusi pauda uso mzima, anakuwa bapa kama sahani, kisha mnalalamika uso hauna umbo. Pauda ni ya paji, pua na kidevu. Mfupa wa shavu muuache na mafuta yake, ndiyo huo mng'ao anaousema mleta uzi. Na kipara cha bwana harusi msikisahau, nacho kina haki yake ya pauda.

Halafu kuna pauda zenye silika, na losheni za kuzuia jua zenye titani. Kwa macho hazionekani, flashi ikipiga kutoka kwenye kamera uso unarudi mweupe kama umepakwa unga, shingo inabaki na rangi yake. Mnasema mpambaji kakosea rangi. Piga picha moja ya flashi kabla hatujamaliza, nirekebishe palepale, si mpaka albamu itoke.


Fundi Lenzi

Mama studio umetukanda, ila ukweli mtupu. Mleta uzi nakubali kibaraza. Sasa ukumbini? Usiku, taa za zambarau za DJ, dari iko mbali kama Kibo. Hapo utasema nini?


Kivulini (mleta uzi)

Ukumbini ndiko pesa iliko, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwanza, kudundisha flashi darini kunafaa sebuleni kwenye jipsamu nyeupe ya mita 2 na nusu. Dari ya ukumbi iko juu mno, au ni nyeusi, au imefungwa vitambaa vya rangi. Flashi yako inakufa njiani, na kinachorudi kina rangi ya kitambaa.

Toa flashi kwenye kamera. Flashi moja ya kawaida, hata Godox ya bei ya chini, triga ya kuiwasha kwa mbali, stendi, na mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga. Anayekusaidia aishike upande wa kulia au kushoto wa maharusi, juu kidogo ya vichwa vyao, karibu kadiri fremu inavyoruhusu.

Pili, ujue nani anaongoza nini. Flashi inawaka kwa muda mfupi sana kuliko shata (muda ambao kamera inabaki wazi), kwa hiyo ukibadilisha shata kati ya 1/60 na 1/200, uso uliopigwa flashi haubadiliki. Kinachobadilika ni taa za ukumbi nyuma. Apacha (tundu la lenzi) na ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) vinagusa vyote viwili. Ukitaka mapambo yaonekane zaidi, teremsha shata kuelekea 1/60. Ukitaka zambarau ya DJ ipungue usoni, pandisha kuelekea 1/200. Sogeza shata peke yake na uangalie nyuma panavyowaka na kuzima. Dakika tano za mazoezi hayo zitakufaa kuliko video nyingi. Usipite 1/200 hivi bila mfumo wa flashi wa mwendokasi (high-speed sync), utapata utepe mweusi kwenye picha. Na ukipiga bila flashi chini ya taa za umeme, kaa 1/50 au 1/100: umeme wetu ni wa 50 Hz, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na nje ya hapo unaweza kupata mistari.

Tatu, maharusi wenyewe. Mara nyingi bibi harusi amepambwa, ana gauni jeupe. Bwana harusi ni mweusi zaidi na ana suti nyeusi. Wengi wanaweka taa upande wa bibi harusi kwa heshima. Matokeo: gauni limeungua, lesi haionekani hata uzi mmoja, bwana ni meno tu. Geuza. Bwana harusi awe upande wa taa. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: yeye akiwa mita 1 kutoka kwenye taa, bibi harusi akiwa mita 1 na nusu, bibi anapata chini ya nusu ya mwanga wa bwana. Zaidi ya stopu moja, bila kugusa kitufe. Ikiwa bado gauni linapiga kelele, usipunguze nguvu. Izungushe taa ielekee mbele yao kidogo, ukingo tu wa mwavuli uwaguse. Katikati ya mwavuli ndiko kwenye moto, ukingoni pana ulaini.

Hesabu hiyohiyo ya umbali ndiyo inayoamua ukuta wa nyuma. Taa mita 1 kutoka usoni, ukuta mita 3 kutoka kwenye taa: ukuta unapata sehemu moja ya tisa, unakuwa giza na suti nyeusi inazama ndani yake. Hapo weka taa ya pili nyuma yao, ndogo, inayochora bega na ukingo wa kichwa. Mwenye hijabu nyeusi kwenye ukuta wa giza, usijadili, weka hiyo taa. Mwenye hijabu nyeupe ana bahati: kitambaa chenyewe kinarudisha mwanga kwenye taya. Kofia ya kiua haina ukingo, haimkingi mtu macho. Pama inamkinga, kwa hiyo kwa mvaa pama ishushe taa hadi usawa wa macho.


Mvita

Na miwani? Babu zetu hawavui miwani hata kwa bunduki.


Kivulini (mleta uzi)

Inua taa na uipeleke pembeni zaidi, na mwambie mzee ainue kidogo vile vishikio vya masikioni ili vioo vielekee chini. Kioo kinatii kanuni ileile ya pembe. Ukiiona taa kwenye kioo kutoka ulipo, wewe, kioo na taa mko kwenye pembe moja. Mmoja wenu ahame, na mzee hahami.


Dogo wa Pasipoti

Mkuu nimeweka M, nimeongeza stopu moja na kitu. Mambo yamebadilika kabisa, mteja wa leo asubuhi kachukua nakala nane badala ya nne. Limebaki moja: weusi chini ya kidevu na macho kwa mbali, maana taa zangu mbili ziko juu na siwezi kuzishusha, chumba kidogo. Na kivuli ukutani. Riflekta ya kurudisha mwanga sina.


Kivulini (mleta uzi)

Kivuli cha ukutani: kiti kisogee mbele, mita 1 au zaidi kutoka ukutani. Kama chumba hakiruhusu, hata nusu mita inasaidia.

Kidevu na macho: nunua manila nyeupe, ile ya chati za shule. Igandishe kwenye boksi lililokunjuliwa isipinde, mteja aipakate mapajani, imeinuka kidogo upande wake. Mwanga wa juu unashuka, unagonga manila, unapanda usoni. Akiinamisha karatasi utaona weusi unahama. Mwambie aiache palipo pazuri. Usitumie karatasi ya fedha ya kufungia chakula, inarudisha mwanga mkali, na mteja atatoka kama anasimulia hadithi za majini.

Pasipoti inachukua kichwa na mabega tu, kwa hiyo manila haitaingia kwenye fremu. Taa zako mbili zifunike kwa shuka jeupe au chandarua kilichokunjwa mara mbili, kisiguse balbu, halafu upime M upya maana mwanga utakuwa umepungua. Ukipata, tupia picha hapa, funika jina na namba za mteja.